Arobaini na Mmoja Wasiotaka Sheria ya Makala

Jumatatu, tarehe 7 Oktoba

Mwalimu Onésime ametoa kazi. Kila mwanafunzi wa darasa la tano afanye uchunguzi wa maoni mtaani kwake, aulete Alhamisi. Uchunguzi! Mimi! Mtu ambaye huomba ruhusa ya kwenda msalani kwa kuandika kikaratasi.

Guylain aliinua mkono kabla mwalimu hajamaliza sentensi. Huyo huinua mkono hata wakati wa sala. Akasema atawachunguza watu wanaopinga sheria za mazingira, na matokeo anayajua tayari: watu hao hawataki serikali hata kidogo. Kila mmoja anataka akate mti wake, atupe uchafu wake, asiulizwe. Darasa zima likakubali kwa vichwa. Halafu darasa zima likaniangalia mimi. Wote wanajua mama yangu anauza makala, makaa ya kupikia.

Niliandika pembeni mwa daftari: Guylain ni mjinga. Kisha nikafuta. Si lugha ya kisayansi.

Niliporudi mtaani kwetu Ndosho, watu wa Mlango wa Bluu walikuwa wamekuja tena. Ndiyo ofisi inayofuatilia makala. Jina lake halisi ni refu, lakini mlango wake ni wa bluu. Sheria inasema makala ya miti ya parc, ule msitu wa hifadhi, yasiuzwe. Lakini kwenye mstari wetu sokoni makala hayana mwenyewe. Maofisa wakitokea, wauzaji wote husimama na kusogea hatua tatu. Mifuko inabaki peke yake juu ya mawe meusi. Huu wa nani? Sijui, chef, mwenyewe ameenda kujisaidia. Na huu? Mwenyewe ameenda kwenye msiba. Mama huinama kwa muuza vitunguu na kuchagua kitunguu kimoja kwa robo saa. Karatasi ya kukamatia mali ina nafasi ya jina, na nafasi hiyo haiwezi kubaki tupu. Miaka miwili sasa wanakuja, wanapiga kelele, wanarudi na karatasi nyeupe.

Leo pia wamerudi hivyo. Lakini mama alipokaa tena, kitunguu kilikuwa bado mkononi mwake.

Jioni, akipuliza mbabula, jiko letu la makala, amesema kwamba siku akipoteza nafasi ile, basi. Goti lake haliwezi kutembea na beseni kichwani. Tutaenda kijijini Kibati kwa mama mdogo, tutalima, na shule itabaki hapa Goma. Alisema hivyo kama mtu anayesema mboga ya sombe imeiva. Papa, baba yangu, alibaki Masisi tulipokimbia vita. Watu wakiuliza, mama hujibu neno hilo tu: alibaki. Sasa tuna goti moja zima, mimi, na jiwe lake la kuuzia, la tatu kutoka kwenye bomba la maji.

Nimeamua. Nitachukua mada ileile ya Guylain. Nitamshinda. Na serikali ikishajua watu wetu wanafikiri nini, itaona aibu na kuwaacha. Nitaiokoa nafasi ya mama kwa sayansi.

Jumanne, tarehe 8 Oktoba

Swali langu: Je, unataka serikali kubwa au serikali ndogo? Nimelifanyia mazoezi mbele ya ukuta. Ukuta haukujibu. Lakini pia haukucheka.

Nikajaribu kwa mama. Akauliza kubwa kama nini. Nikafungua mikono. Akauliza ndogo kama nini. Nikaonyesha kidole. “Basi kubwa,” akasema, “ile ya kidole itafika namna gani mpaka Ndosho?” Nikamuuliza kama anaipenda sheria ya makala. Hapana! Nikamwambia kwa upole kwamba msitu ni muhimu, nimesoma, miti huleta mvua, na wanyama wa mle hawapo mahali pengine duniani. Akanisikiliza hadi mwisho. Akasema: “Musitu ni muzuri, nakubali. Na miye niko mutu. Sheria yangu, nani anaiandika?”

Nimeandika: mhojiwa namba moja amejibu kwa swali.

Tatizo: siwezi kuongea na watu arobaini. Nikifika kwa wa tatu sauti hupotea. Suluhisho: maharagwe! Kila muuzaji achukue haragwe moja, aliweke kwenye kopo kubwa kama anataka serikali kubwa, au kwenye kisahani kama anataka ndogo. Swali limeandikwa kwenye karatasi niliyoishika kifuani. Sihitaji kufungua mdomo. Nilijivunia sana mbinu hii kwa muda wa dakika tano.

Wengi hawasomi. Mama mmoja aliuliza kama maharagwe yangu yanaiva haraka. Mwingine aliweka matano kwenye kopo, moja kwa kila mtoto. Nikalazimika kueleza kwa mdomo. Nilieleza nikiangalia viatu vyangu, na watu wakajibu wakiangalia viatu vyangu.

Mama Deborah, jirani yetu wa kushoto, mwenye mifuko mitatu na sauti ya watu sita, alilipiga haragwe ndani ya kopo kama anapiga misumari. “Kubwa! Kubwa sana! Ilete maji, ilete barabara, ilete basoda, baaskari wenye kutulinda! Makala tu, iache!” Nikamweleza kwamba serikali kubwa ndiyo yenye maofisa wengi wa makala. Akasema hapana, hao watakuwa na kazi nyingi barabarani.

Muzee Twagirimana, anayeshona midomo ya mifuko kwa kamba na ana mifuko yake miwili, alilishika haragwe muda mrefu. Zamani alikuwa na ng'ombe Masisi. Akauliza: “Serikali gani, mutoto wangu? Ile ya asubuhi ao ile ya mangaribi?” Sikuwa na chombo cha jibu hilo. Alirudisha haragwe mkononi mwangu na kufunga vidole vyangu juu yake.

Hesabu ya mwisho haikufanyika. Nilikuwa nimegeuka kunoa penseli. Kuku wa Mama Deborah alikula serikali ndogo yote. Nilimfukuza akiwa anaanza serikali kubwa. Mama Deborah amesema kuku wake hana siasa, ana njaa.

Jumatano, tarehe 9 Oktoba

Aibu! Mwalimu alitaka kuona tumefika wapi. Nikaonyesha kopo. Guylain akauliza kama uchunguzi wangu unapikwa na mafuta au na chumvi tu. Walicheka mpaka mstari wa mwisho, hata Bénédicte, ambaye nilimwazima kitabu.

Mwalimu Onésime hakucheka. Alisema wazo ni zuri, lakini haragwe halina jina. Jibu lisilo na mwenyewe ni uvumi. Nirudi, niandike nani alisema nini, anauza wapi, ana biashara ya kiasi gani. Hapo yeye ataweza kuhakikisha. Nilihisi mwanga umewaka ndani ya kichwa. Bila shaka! Majina!

Mchana mama hakuwepo sokoni. Alikwenda kwenye barabara kusubiri chukudu, baiskeli ya mbao ya kubebea makala, inayotoka Kibati. Vizuri, nilifikiri. Nitamshangaza.

Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa na daftari kubwa magotini. Nilichora mistari tu: jina, mahali, mifuko, maoni. Nilipoinua macho kulikuwa na foleni.

Hapa kwetu mtu akikaa na daftari na kuandika majina, ni msaada unakuja. Unga, mablanketi, sabuni. Nilijua hilo. Kwa hiyo niliwaambia ukweli tangu mwanzo. Niliwaambia si msaada, ni kazi ya shule. Mama Deborah akakonyeza jicho. “Sawa, mutoto yetu, ni ya masomo. Andika batoto saba.” Ana wanne. Nikarudia kwamba si msaada kabisa. Akawageukia wengine na kunong'ona kwa ile sauti yake ya watu sita: “Munaona? Banamukataza kusema!”

Kila nilivyokana ndivyo foleni ilivyorefuka. Mtu hakatai kitu kisichokuwepo kwa nguvu hivyo, alisema muuza vitunguu.

Na mifuko! Walisikia msaada hufuata ukubwa wa biashara. Mwenye miwili alisema kumi. Mama Deborah alisema thelathini. Nikaangalia mifuko yake mitatu. Akaniangalia mimi. Niliandika thelathini. Ni mtu mzima, siwezi kumwita mwongo. Kila mtu pia alinionyesha jiwe lake kwa kidole, nisikosee, msaada usije ukampotea.

Muzee Twagirimana peke yake alikataa. Alisema aliwahi kuandikwa, Masisi: jina, kilima, na hesabu ya ng'ombe. Halafu wakaja watu wengine wakiwa na daftari lile, wakajua pa kwenda. Alisema bila hasira. Nilimwambia kwa heshima kwamba nyakati zimebadilika na hii ni takwimu. Akarudi kwenye kamba zake.

Lakini bila yeye nilikuwa na watu arobaini. Arobaini! Ni namba ya mtu anayebahatisha. Arobaini na moja ni namba ya mtu aliyehesabu. Nikaandika: Muzee anayeshona mifuko, mifuko miwili, karibu na mlango wa fundi seremala. Sikuandika jina lake. Kwa hiyo nimeheshimu.

Namba moja niliiacha kwa ajili ya mama. Niliandika kwa kalamu nyeusi, kwa mwandiko wangu wa siku za mtihani: Mukamugema Julienne, mifuko minne, jiwe la tatu kutoka kwenye bomba.

Jioni mama alikuwa ameshasikia kwamba mwanaye ameandikisha soko lote kwa ajili ya unga. Nikamwambia si unga. Mama, ambaye hakonyezi mtu kamwe, alikonyeza jicho.

Alhamisi, tarehe 10 Oktoba

USHINDI!

Matokeo: watu arobaini na mmoja. Wanaoipinga sheria ya makala: arobaini na mmoja. Kati yao, wanaotaka serikali kubwa: thelathini na wanne. Wanaotaka ndogo: wanne. Waliouliza serikali gani: watatu.

Nilisoma mbele ya darasa. Nilisoma nikiangalia ubao, mgongo kwa watu, lakini nilisoma. Hitimisho langu: watu wanaopinga sheria ya msitu hawaipingi serikali. Wanaitaka. Wanaingojea. Wanaijua kwa uso mmoja tu, ule wa Mlango wa Bluu, na wanaamini ina nyuso nyingine nzuri ambazo bado hazijafika Ndosho.

Mwalimu akasema neno moja: vema. Kumi na saba juu ya ishirini! Guylain alipata kumi na sita. Aliwachunguza watu watano, wote wajomba zake. Alisema kwa nguvu kwamba maoni yanayobaki ndani ya daftari la shule si maoni ya umma, ni mapambo. Wivu! Lakini pia, nikifikiri vizuri, yuko sahihi.

Baada ya darasa mwalimu aliniita. Alisema kazi ni nzuri, lakini nikimwonyesha mtu wa nje, nitoe ukurasa wa mwisho, wenye majina. Huo ulikuwa kwa ajili yake tu. Aliniangalia mpaka nikasema ndiyo.

Nimeangalia ukurasa wa mwisho jioni nzima. Mistari imenyooka. Hakuna doa. Bila huo ni nani atakayeamini kwamba watu arobaini na mmoja wapo kweli? Serikali itasema ni msichana mmoja na maharagwe yake.

Sikuutoa.

Ijumaa, tarehe 11 Oktoba

Nimeingia Mlango wa Bluu! Mimi mwenyewe! Nilipita mbele yake mara sita kwanza. Mara ya saba mlinzi aliuliza kama nimepoteza kitu.

Mkuu wao anaitwa Chef Buhendwa. Nilitegemea mtu mwenye meno makubwa. Kumbe ni papa mpole, mwenye miwani, na picha ya mlima wenye miti ukutani. Alinipa kiti. Alinipa Fanta! Nilimwambia nimeleta uchunguzi wa maoni ya umma. Sauti yangu ilitoka kidogo kama ya panya lakini ilitoka.

Ukurasa wa kwanza, wenye shukrani, aliupita. Utangulizi akaupita. Mchoro wa duara, uliochukua saa mbili, akaupita. Alifika ukurasa wa mwisho na hapo akatulia. Alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Sijawahi kuona mtu akisoma kazi yangu kwa makini hivyo. Akawaita vijana wake wawili, nao wakasoma. Mmoja akapiga mluzi.

“Binti yangu,” akasema, “miaka miwili tunatafuta kitu kama hiki.”

Nilikaribia kulia. Nilimwambia haikuwa kazi kubwa. Akauliza kama mahali nilipoandika ni pa hakika. Nikasema pa hakika kabisa. Akauliza hili jiwe la saba ni kabla au baada ya muuza miwa. Nikasema baada, na nikamchorea ramani ndogo, kwa sababu nilitaka asichanganye. Nilimwomba asome pia hitimisho, hasa habari za thelathini na wanne. Akasema watu hao wakitaka serikali, serikali itafika. Ameahidi! Kesho yenyewe!

Akapiga muhuri juu ya kazi yangu. Mara mbili, kwa kuwa nilikuwa nimeandika nakala mbili: moja yangu, moja yao. Nilitembea kutoka pale hadi Ndosho katikati ya barabara kama mtu mwenye gari. Dereva mmoja wa pikipiki alinitukana. Sikusikia.

Sijamwambia mama. Kesho ataona mwenyewe.

Jumamosi, tarehe 12 Oktoba

Nitaandika kwa mpangilio.

Saa tatu asubuhi walikuja. Si watatu kama kawaida. Ishirini, na lori. Watu walisimama wakasogea hatua tatu, kama kawaida. Mama akainama kwa vitunguu. Mifuko ikabaki bila mwenyewe.

Chef Buhendwa hakupiga kelele. Alisimama juu ya jiwe, akatoa karatasi. Niliijua hata kwa mbali. Mistari imenyooka. Akasafisha koo na kusoma kwa sauti ya kanisani: “Mukamugema Julienne!”

Nikaona uso wa mama ukibadilika. Ulifurahi. Watu wote walifurahi. Orodha inasomwa! Ni watoto gani wa Goma wasiojua maana yake? Yule asiyejibu haraka jina lake linarukwa na blanketi lake linakwenda kwa mwingine. Mama akakiacha kitunguu, akainua mkono juu kabisa, akaja akichechemea kwa haraka asipitwe. “Niko! Niko hapa, chef! Ndiye miye!”

Akamuuliza: mifuko minne, jiwe la tatu? “Ndiyo! Ndiyo yangu, yote minne!” Akaonyesha kwa kidole. Kijana mmoja akaandika jina lake kwenye ile nafasi.

Nilitaka kupiga ukelele. Nilifungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Nilikuwa nimesimama hatua kumi kutoka kwao, na mdomo wazi, na hakuna kilichotoka. Jina la pili likasomwa, na la tatu. Wote wakajibu. Wakasukumana! Mama Deborah alipoitwa alijibu mara mbili, na walipomwambia ana mitatu akapandisha sauti kwamba imeandikwa thelathini, yeye ni mama wa mifuko thelathini, waangalie vizuri. Wakamuuliza ishirini na saba mingine ameificha wapi. Hapo ndipo alipoona lori lina mlango wazi na halina unga ndani.

Sijawahi kusikia soko letu likinyamaza. Chef akaendelea kusoma hadi chini. Namba ya mwisho: Muzee anayeshona mifuko. Hakujibu. Alikuwa amekaa, sindano mkononi. Lakini watu wote, bila kutaka, walimgeukia.

Walipakia kila kitu. Kila mwenye jina alitia kidole kwenye karatasi kwamba hatakaa tena mahali pale. Kidole cha mama kilikuwa cheusi tayari kwa makala. Wakasema hakuna haja ya wino.

Muzee Twagirimana alipita mbele yangu na kamba zake begani. Nilingoja anitukane. Alisema, “Pole, mutoto wangu.” Afadhali angenitukana.

Jumapili, tarehe 13 Oktoba

Kanisani Mama Deborah alihama benchi letu. Miaka minne tumekaa naye. Aliwahamisha watoto wake wanne mmoja mmoja hadi upande wa wanaume.

Mama hajanigombeza. Nilitayarisha maelezo marefu yenye sehemu tatu. Hakuyauliza. Baada ya chakula aliomba kuona ile karatasi. Nikaleta nakala yangu, yenye muhuri. Mama hakusoma shule. Akauliza jina lake ni lipi. Nikamwonyesha. Akauliza kwa nini ni la kwanza, kuna sababu? Nikasema kwa sababu ni yeye. Akaweka kidole juu yake, akakivuta taratibu hadi mwisho wa mstari.

Amesema ni refu kuliko alivyofikiri.

Jumatatu, tarehe 14 Oktoba

Nilikwenda Mlango wa Bluu kabla ya shule. Nilikusudia kumkemea Chef Buhendwa. Nilipoingia nililia. Hakukuwa na Fanta. Hakuwa mkali, alinipa hata karatasi ya kujifutia. Alisema kila mwaka anaona kilima kingine kimekuwa kipara, na watoto wangu mimi ndio watakaotafuta mvua. Nikamwambia kuhusu goti la mama. Akasema anasikitika kweli, lakini ofisi haiwezi kushughulikia machozi. Malalamiko yaletwe kwa maandishi, yenye maelezo kamili.

Mwalimu Onésime ameniuliza swali moja tu: kama niliutoa ukurasa. Nilitikisa kichwa. Amevua miwani na kuifuta kwa muda mrefu, na haikuwa chafu. Guylain amenirudishia penseli aliyoniibia mwezi wa tisa. Hivyo ndivyo nilivyojua hali ni mbaya sana.

Jumatano, tarehe 16 Oktoba

Mama amejaribu kutembeza ndizi. Ameondoka asubuhi na beseni. Nilimkuta saa sita amekaa kwenye jiwe nje ya fundi wa pikipiki, si mbali hata na nyumbani, mguu umenyooka mbele yake, ndizi zote zimo. Aliponiona alicheka kidogo, akasema anapumzika tu. Nikabeba beseni. Tulitumia saa nzima kwa njia ambayo mimi huitembea nikisoma.

Amepeleka ujumbe Kibati. Mama mdogo amejibu tuje. Tutaondoka Jumanne. Nimeambiwa nirudishe vitabu vya shule. Nimerudisha viwili. Cha tatu, cha takwimu, nimesema sikioni.

Jumapili, tarehe 20 Oktoba

Siku nne nimefikiri, na nimeligundua kosa.

Kosa halikuwa kuandika. Kosa lilikuwa kuandika pungufu! Nilimwonyesha Chef Buhendwa watu hawa walikuwa wapi. Sikumwonyesha wamesukumwa wapi. Angewezaje kuona aibu? Mtu haoni aibu kwa jiwe tupu. Amesema mwenyewe anataka maandishi yenye maelezo kamili, na kwa mara ya kwanza nimeelewa maana ya kamili.

Kwa hiyo tangu Alhamisi nimefanya uchunguzi wa pili. Safari hii sikumuuliza mtu, kwa sababu watu hawataki tena kusema nami. Nimetembea tu na kuangalia. Mama Deborah anauza kwa vikopo nyuma ya kiwanda cha milango, baada ya saa tisa, binti yake mkubwa akisimama kwenye kona kuangalia. Muuza vitunguu naye ana mfuko mmoja wa makala, ameufunika kwa vitunguu. Muzee Twagirimana ameweka miwili mipya ndani ya choo kisichotumika, na anashona huko huko, gizani, mtu mzima kama yule! Inaumiza moyo. Yeyote atakayesoma ataumia. Nimeandika pia saa, na mlango wa kuingilia, ili asiye mwenyeji asipotee.

Mama hajui. Amelala kidogo, mguu juu ya mto. Vitu vyetu vimefungwa tayari. Ile chukudu ya Kibati ilifika Jumatatu kwa kuchelewa, na amebaki na nusu mfuko anaotaka kuuza polepole kwa majirani kabla hatujaondoka, tupate cha kufikia.

Nimempa namba moja tena. Mukamugema Julienne, nusu mfuko, chini ya kitanda, upande wa ukuta.

Kesho saa moja, kabla ofisi haijajaa watu, nitaipeleka. Nimehesabu mara mbili. Safari hii sikumsahau mtu.